Namba 68 si mwaka 1968: kisa cha darubini ya 20x60 iliyouzwa Dodoma

Darubini ya macho mawili ilifika mezani kwangu ikiwa imeshapewa mwaka wake: 1968. Mwenye mali, mama mstaafu wa ualimu anayekaa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, hakuutoa mwaka huo kichwani mwake. Aliupata kwa kijana aliyetaka kuinunua, naye kijana aliusoma kwenye simu: eti tarakimu mbili za kwanza za namba ya mfululizo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Namba yenyewe imechongwa kwenye bamba la nyuma upande wa kulia, 681147. Sitini na nane. Mama aliyekuwa radhi kupokea laki mbili na nusu akaanza kutaja laki sita na nusu, maana kitu cha 1968 ni cha kale, na jirani mmoja alikuwa ameongezea kwamba darubini kubwa kiasi hicho haikosi kuwa ya jeshi. Kijana akawa amejipandishia bei kwa mdomo wake mwenyewe.

Wakakubaliana waje kwa fundi. Kazi yangu hasa ni kamera, ila mtu akiwa na darubini mbovu Dodoma hii hana pa kwenda pengi, kwa hiyo nazo huishia kwangu. Waliingia pamoja, kijana akiwa amembebea mama boksi, na baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani wakanipa swali lao: ina umri gani, na umri huo unaongeza nini kwenye bei?

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu darubini hii haina jina kubwa. Zenye majina makubwa zina orodha zake, unaulizia namba unajibiwa. Lakini darubini nyingi zinazozunguka mikononi mwa watu hapa nchini ni za aina hii, jina la duka fulani la Ulaya limepigwa juu yake, na aliyeitengeneza hajajitaja popote kwa maneno. Hapo umri hautafutwi kwa namba moja. Unatafuta kitu kinachosema "haiwezi kuwa kabla ya mwaka huu", na kingine kinachosema "haiwezi kuwa baada ya mwaka ule", halafu unaisogeza mipaka hiyo miwili ikaribiane kadiri ushahidi unavyoruhusu.

Kwanza, je, ni 20x60 kweli?

Swali hili huja kabla ya umri, kwa sababu mitaani zimejaa darubini ndogo za kukunja zilizoandikwa 30x60, wakati mwingine 60x60, vioo vyekundu kama taa ya breki. Hizo hazina umri wa kutafuta. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linalotoka upande wa jicho. Kwa 20x60 ni milimita 3.

Nikamwambia kijana aielekeze dirishani, aishike mbali na uso wake kiasi cha urefu wa mkono, atazame kioo cha jicho bila kukisogelea. Pale katikati linaonekana duara dogo jeupe linaloelea. Tukaweka rula ya plastiki juu ya kioo cha jicho: milimita 3, pengine nywele moja zaidi. Kioo cha mbele nacho tulikipima, kikawa 60 bila ubishi. Darubini ya mtaani yenye maandishi makubwa na kioo cha milimita 22 hufeli hapo hapo.

Duara hilo lilitupa na jambo la pili. Halikuwa duara safi. Pembeni lilikuwa na vivuli vya kijivu vilivyolikata, likawa kama mraba ulioviringwa pembe. Hiyo ni dalili ya prizimu, vile vipande vya ndani vinavyopindisha mwanga, za kioo cha bei nafuu, kile kinachoitwa BK7, badala ya BaK4 ambacho hutoa duara kamili. Haituambii mwaka. Inatuambia kwamba aliyeiagiza darubini hii alikuwa anatafuta bei ambayo mwananchi wa kawaida wa Ulaya angeimudu, na hilo lilikuja kutufaa baadaye.

Habari ya jeshi niliimaliza haraka. Gurudumu la kurekebisha lipo katikati, linarekebisha macho yote mawili kwa pamoja. Darubini za jeshi kwa kawaida kila jicho hurekebishwa peke yake, ndani huwa na mistari ya kupimia, na zile za Waingereza hupigwa mhuri wa mshale mpana. Hii haina hata kimoja. Mama alicheka, akasema hata yeye hakumwamini jirani.

Namba 681147

Sasa turudi kwenye kile kijana alichosoma kwenye simu, maana hakikuwa uongo. Ni kanuni ya kweli iliyobandikwa pasipo pake.

Darubini zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa kawaida hubeba mwaka ndani ya namba. Ukikuta ya Kisovieti yenye namba 8206513, mara nyingi hiyo ni ya 1982. Na kijana alikuwa na sababu ya kuwafikiria Warusi, kwa sababu 20x60 iliyotapakaa kuliko zote duniani pengine ni ile yao, iliyotengenezwa Zagorsk karibu na Moscow, mji ambao tangu 1991 umerudia jina lake la zamani la Sergiyev Posad. Ya kuuzwa nje iliitwa Tento. Ukitafuta kwenye intaneti "umri wa darubini 20x60", unaangukia kwenye mazungumzo ya wenye Tento, na kanuni ya tarakimu mbili inakukuta hapo ukiwa hujauliza inahusu kiwanda gani.

Lakini bamba la darubini ya mama limeandikwa JAPAN, kwa herufi ndogo chini ya jina la duka. Hakuna herufi hata moja ya Kirusi. Kila nchi, na wakati mwingine kila kiwanda, ina utaratibu wake wa namba. Za Carl Zeiss Jena wa Ujerumani, kwa mfano, zilikwenda kwa mfuatano hadi kufika mamilioni, na bila jedwali la kiwanda tarakimu zake za mwanzo hazikupi mwaka. Darubini za Japani zilizotengenezwa kwa jina la duka ndizo zenye vurugu zaidi: namba inaweza kuwa hesabu ya kiwanda, inaweza kuwa ya shehena, na wapo walioanza hesabu popote walipopenda. Kwa darubini kama hii, 68 ikigongana na mwaka ni bahati tu. Namba ingekuwa 231147, hakuna ambaye angesema ni ya 1923.

Nilimwuliza kijana swali moja: kama hii ni ya 1968 na namba zilizobaki ni hesabu ya mwaka huo, mbona zingine za jina hilo hilo zinazoonekana kwenye picha za wauzaji zina namba zinazoanza na 03, 41, 97? Akachukua simu akatafuta mwenyewe. Alikuta ya 97, imeandikwa Japani vilevile, ina bamba la mtindo uleule na ngozi bandia ileile. Hapo akaacha kushikilia 68.

Herufi mbili kwenye bawaba

Ukitazama darubini ya Japani ya zama hizo kwa mbele, pale kwenye bawaba inayounganisha mapipa mawili, chukua tochi na uweke mwanga kwa ubavu. Tulikuta herufi JB na namba ndogo pembeni yake, zimegongwa kwa mkono mzito kidogo, moja imeinama. Hii ndiyo alama ya fundi aliyefanya mwili wa darubini. Japani baada ya vita ilikuwa na karakana nyingi ndogo, moja inafanya mwili, nyingine inasaga vioo, nyingine inaunganisha, kisha mzigo unakwenda kwa muagizaji wa Marekani au Uingereza anayeweka jina lake. Ili mzigo mbovu ujulikane umetoka kwa nani, kila mmoja akapewa namba. Darubini nyingine huwa na herufi JE pia.

Watu wakiiona JB hufurahi, wakidhani wamepata mwaka. JB inasema nani, haisemi lini. Faida yake kwenye umri ni ya jumla tu: alama hizi ni za zama za ukaguzi wa mauzo ya nje, na Japani ilipitisha sheria yake ya ukaguzi wa bidhaa za kuuzwa nje mwaka 1957. Kwa hiyo tayari tunajua hatuko katika ile miaka ya 1947 hadi 1952, ambapo bidhaa za Japani ziliandikwa kuwa zimetoka Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Ni mpaka wa mbali, ila ni mpaka.

Chini ya daraja, kile kiungo kinachoshika macho mawili pamoja, tulikuta na mabaki ya stika ndogo ya dhahabu yenye umbo la yai. Nusu imebanduka, iliyobaki inasomeka PASS. Ndiyo stika ya taasisi ya Japani ya kukagua darubini, JTII, inayosema kifaa kimekaguliwa na kuruhusiwa kutoka. Nyingi hubanduliwa na mmiliki wa kwanza wiki ya kwanza, kama tunavyobandua plastiki ya rimoti. Huyu aliiacha. Inathibitisha kwamba mwili huu ulitoka Japani kihalali, si nakala ya baadaye iliyoandikwa Japani kwa ujanja. Kwa mwaka kamili, nayo kimya.

Kuna dalili nyingine tatu nilizoziandika kwenye karatasi bila kuzitegemea sana. Upana wa uwanja wa kuona umeandikwa kwa namna mbili, futi 157 kwa yadi 1000 na mita 52 kwa mita 1000. Vikombe vya macho ni vya mpira laini wa kukunja kwa wavaa miwani, ambavyo kwenye darubini za bei hii vilienea zaidi miaka ya 1970 kuliko kabla yake. Vioo vya mbele vinarudisha mwanga wa taa kwa rangi ya zambarau na bluu, yaani utando wa kupunguza mng'ao wa safu moja, si ule wa kijani wa safu nyingi uliokuja kuzoeleka baadaye. Lakini utando wa safu moja uliendelea kuwekwa kwenye darubini za bei nafuu miaka mingi baada ya wakubwa kuuacha, kwa hiyo mtu akikuambia "zambarau, basi ni ya miaka ya sitini", mwombe ushahidi mwingine.

Boksi lilisema zaidi kuliko darubini

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na ilikuwa kidogo tulikose. Mama alikuwa ameliacha boksi mlangoni akiona ni takataka. Ndani mna sponji iliyokatwa kwa umbo la darubini, nje ni karatasi ngumu iliyofifia, pembeni kuna stika ya bei kwa pauni na chini yake maneno kwamba bei hiyo ni pamoja na VAT.

Kijana akaruka: VAT! Basi ni baada ya 1998. Ni kweli kwa Tanzania, VAT yetu ilianza Julai 1998. Lakini bei ni ya pauni, na Uingereza VAT yao ilianza tarehe 1 Aprili 1973. Bei pia imeandikwa kwa nukta na tarakimu mbili baada yake, si kwa shilingi na peni za zamani walizoziacha Februari 1971. Stika moja, na 1968 tayari imekufa. Sharti ni moja tu, boksi liwe la darubini hii.

Sharti hilo lilichukua muda mrefu kuliko jambo jingine lolote siku ile, na naona ndilo watu huliruka. Boksi huhama. Mtu ana darubini mbili, boksi moja likipasuka anaweka hii kwenye lile. Kwa hiyo tulilinganisha. Sponji iliikubali darubini bila kulegea wala kubana, hata nafasi ya kifuniko kidogo cha bawaba ilikuwepo. Upande wa boksi umechapwa 20x60 na uwanja wa futi 157, idadi ileile iliyochongwa kwenye bamba. Jina la duka ni lilelile na mwandiko wake ni uleule, lile R lenye mkia mrefu. Kilichonimaliza zaidi ni alama ya kutu: kichwa cha skrubu moja ya bega la kushoto kina kutu ya kahawia, na kwenye sponji, mahali penyewe, kuna doa la kahawia la ukubwa huo huo. Vitu hivi viwili vimelala pamoja miaka mingi. Hilo halithibitishi kwamba vilitoka dukani pamoja, ila likiunganishwa na idadi ya futi na umbo la sponji, nilikubali.

Kisha tukaligeuza boksi. Chini kabisa, nusu imefunikwa na gundi ya zamani, kulikuwa na baakodi, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, na tarakimu 13 chini yake zikianza na 50.

Bidhaa ya kwanza kusomwa dukani kwa baakodi ilisomwa Marekani Juni 1974, kwa mfumo wao wa tarakimu 12. Mfumo wa tarakimu 13 ni wa Ulaya, na umoja ulioundwa kuusimamia ulianza 1977. Tarakimu 50 mwanzoni ni fungu la Uingereza. Kwa hiyo boksi hili haliwezi kuchapwa kabla ya 1977. Tuliruka kutoka "baada ya 1973" hadi "baada ya 1977" kwa kufuta gundi na kitambaa chenye spiriti.

Ukiwa na darubini ya zamani nyumbani, usitupe boksi, kadi ya dhamana, wala kijikaratasi cha maelekezo, hata kama kimeliwa na mende. Chuma na vioo havibadiliki kwa miaka ishirini, lakini karatasi hubeba kodi, anwani, msimbo wa simu, sarafu, vitu ambavyo serikali hubadilisha kwa tarehe inayojulikana.

Mpaka wa juu alikuwa nao mama

Mpaka wa chini tulikuwa nao. Wa juu uligoma. Kwa uchumi tu ningeweza kusema si zaidi ya mwisho wa miaka ya 1980: baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ya nchi tajiri kushusha thamani ya dola, yeni ilipanda sana, kutoka karibu yeni 240 kwa dola hadi chini ya 130 mwaka 1988, na darubini za bei nafuu zikahamia Korea Kusini, Taiwan, Hong Kong na baadaye China. Darubini yenye prizimu za BK7, jina la duka, na neno JAPAN, ina uwezekano mkubwa wa kuwa kabla ya hapo. Lakini uwezekano mkubwa si mpaka.

Nikamwuliza mama aliipataje. Akasema ilikuwa ya marehemu mume wake, mpima ardhi enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017. Mhandisi Mwingereza aliyefanya naye kazi alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Mwaka gani? Hakumbuki.

Sikumwuliza mwaka tena. Nilimwuliza, mama, siku darubini inaingia nyumbani, watoto walikuwa wangapi? Akajibu bila kufikiri. Wawili. Yule wa pili alikuwa anatambaa, na baba yake alimkataza mtoto kuishika kwa sababu alikuwa anaweka kila kitu mdomoni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha? Vimekwisha zamani, akasema, wakati huo sukari ni ya foleni na sabuni ya kubahatisha, yule Mzungu alituachia na sufuria. Mtoto wa pili alizaliwa lini? Oktoba 1981, cheti kipo.

Mtoto wa Oktoba 1981 anatambaa katikati ya 1982. Huo ndio mpaka wa juu, na mimi nauamini kuliko ningeuamini mwaka uliotajwa kwa kubahatisha, kwa sababu haukutolewa ili kupandisha bei. Wala mama hakujua unaelekea wapi. Wazee wetu wengi hawahifadhi miaka, wanahifadhi uzazi, njaa, vita na msimu, na mwulizaji akijua kuuliza kwa kalenda hiyo anapata jibu la uhakika.

Kesho yake kijana akarudi na picha aliyopewa na mama. Marehemu amesimama kwenye mawe, maji ya bwawa nyuma yake, darubini kifuani. Nyuma kwa kalamu ya bluu: Mtera, 1983. Maandishi ya nyuma ya picha yanaweza kuandikwa wakati wowote, kwa hiyo tulitazama picha yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Kwenye bega la kulia la darubini, ngozi bandia imenyanyuka kona moja, na kipande chenye umbo la pembe tatu hakipo. Tukaiweka darubini kando ya picha. Pembe tatu ileile, kona ileile. Picha inaafiki simulizi, basi.

Vitu vilivyotaka kutudanganya

Kijana alikuwa na wasiwasi na kuvu. Ukimulika ndani kwa tochi kutokea mbele, kwenye ukingo wa lenzi ya kushoto kuna nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ya nyasi. Aliona ni dalili ya umri mkubwa. Kuvu haihitaji miaka hamsini. Inahitaji unyevu, giza na hewa isiyotembea, na ikizipata hushika mapema. Dodoma ni kukavu, darubini iliyokaa hapa tu kwa kawaida huja kwangu na vumbi jekundu kwenye maungio, si kuvu. Nilimwuliza mama kama waliwahi kuishi pwani. Waliishi Tanga miaka kadhaa, darubini ikiwa kabatini ndani ya mfuko wake. Kuvu ikaeleza makazi, umri haikuugusa.

Ngozi bandia iliyobanduka ni joto na jasho. Grisi iliyokauka kwenye gurudumu la katikati, hata kulizungusha kunataka nguvu, ni ya kutotumika. Watu wengi hupima umri wa kifaa kwa uchakavu wake, na kwa darubini hilo ni kosa kubwa, kwa sababu iliyobebwa kwenye Land Rover mwaka mmoja huchakaa kuliko iliyolala sandukuni thelathini.

Kijana alitaka pia niifungue nitazame prizimu, maana amesikia mafundi wa zamani waliandika kwa penseli ndani. Ni kweli, alama za penseli huonekana mara nyingine ubavuni mwa prizimu. Nilikataa. Ukilegeza prizimu za 20x60, kuzirudisha ili macho yote mawili yaone picha moja ni kazi ya siku nzima, na kwa ukuzaji wa 20 kosa dogo la pembe linaumiza kichwa ndani ya dakika tano. Tuliijaribu kabla kwa kutazama kichwa cha nguzo ya umeme iliyo mbali, tukiisogeza taratibu kutoka usoni: picha mbili zilibaki zimelaliana. Ikiwa sawa, iache. Umri tulikuwa nao tayari.

Bei, baada ya yote

Nilichoandika kwenye karatasi waliyosaini: imetengenezwa Japani, kiwanda hakijatambuliwa kwa jina, kati ya 1977 na katikati ya 1982. Mashine za kusoma baakodi zilianza kutumika madukani Uingereza 1979, kwa hiyo mimi binafsi naegemea miaka mitatu ya mwisho, lakini hiyo nimeiandika kama maoni, chini, kwa mwandiko mdogo.

Mama aliuliza kama bado ni ya kale. Ina zaidi ya miaka arobaini, nikamwambia, ila wanaokusanya darubini hutafuta jina, ubora wa vioo au historia ya jeshi, na yako ina historia ya familia, ambayo mnunuzi halipi. Thamani yake iko kwenye kazi inayoweza kufanya. Akalipokea hilo vizuri kuliko nilivyotegemea. Kijana naye akapata sehemu yake: alitaka kuitumia kuwaonyesha wageni ndege bwawani Hombolo na kwenye majaruba ya Bahi, akiishika mkononi. Haifai kushikwa mkononi. Ukuzaji wa mara 20 hukuza na mtetemo wa mkono mara 20, na upepo wa Dodoma hauna huruma. Saa za mchana joto la ardhi linafanya picha ichezecheze hata ikiwa kwenye stendi. Lazima stendi ya miguu mitatu, na asubuhi mapema.

Mbele ya bawaba kuna kifuniko kidogo cha kuzungusha. Ukikitoa kuna tundu lenye nyuzi za robo inchi kwa ajili ya kipande cha kuifungia kwenye stendi. Nyuzi zilikuwa nzima. Usiku, ikiwa imetulia, inaonyesha miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupiter), na miezi ya kiangazi anga letu halina mawingu wala unyevu wa pwani. Kijana akaanza kuzungumzia shule, wanafunzi, kiingilio. Hapo nikaona ameshainunua.

Laki mbili na elfu themanini, nusu siku hiyo na nusu mwisho wa mwezi. Mama akabaki na picha ya Mtera. Kusafisha kuvu na kubadilisha grisi ni juu ya mnunuzi, na nilimwambia wazi kwamba nyuzi zikishaondoka, utando ulioliwa chini yake haurudi. Boksi alitaka kuliacha kwa sababu halikai vizuri kwenye pikipiki. Nikamfungia kwa kamba, nikamwandikia ubavuni namba 681147 na maneno "si mwaka".